Mpangaji Wangu Aliyefundisha Kiingereza cha Sheria

Mtu huyu alinichosha. Naanza na hilo ili msomaji asidhani haya ni maneno ya msibani, yale ya kumsifu marehemu hata kama alikuwa mkorofi. Mwenyewe yuko hai, anakula, anatembea. Alipanga vyumba viwili kwangu hapa Gongoni kwa miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo nilimwita Mwalimu, naye akaniita Bibi, ingawa mvi zake ni nyingi kuliko zangu.

Kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza cha sheria. Si kile cha watoto wa shule cha kutaja paka na meza. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliokwisha kusoma sheria kwao, Burundi, Kongo, na wachache Rwanda, wakaisoma kwa Kifaransa. Walikuja chuo kimoja hapa Tabora kujifunza kuisema na kuiandika kwa Kiingereza, maana mikataba inayovuka mipaka inaandikwa hivyo, na mahakama ambamo nchi zetu zinakutana zinasema hivyo. Wengi walishuka na treni ya Kigoma, macho mekundu kwa kukosa usingizi, begi moja la nguo na moja la vitabu.

Mimi niliishia darasa la nne kwa masista. Kiingereza ninachokijua ni kile cha kwenye paketi ya sabuni. Lakini darasa lile nilikaa ndani yake zaidi kuliko wakubwa wa chuo waliokuja mwaka jana kulifunga, na ndiyo maana naandika. Lilikuwa darasa la mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na kitu kingine.

Alikuwa na mtihani wake ambao sijausikia kwingine. Jumamosi asubuhi analeta wanafunzi sita au saba uani kwangu. Mimi nimekaa kwenye mkeka nabangua karanga. Mmoja anakaa karibu yangu na daftari, mwingine anatolewa nje ya geti ili asisikie. Kisha Mwalimu ananiambia, "Bibi, lalamika." Nami nalalamika, maana sababu sikosi. Yule wa daftari anayaandika maneno yangu kwa Kiingereza. Anaitwa wa nje, anapewa karatasi, anayarudisha kwa Kiswahili mbele yangu. Halafu naulizwa swali moja tu: huyu ni wewe?

Jumamosi moja nilisema hivi: "Mbuzi watatu wa jirani wamekula mchicha wangu. Mchicha alipe. Mbuzi awafunge. Akija wa nne, namchinja." Maneno mafupi, hata mtoto angeyabeba. Yakaenda kwenye Kiingereza, yakarudi. Kijana wa Kongo akasimama wima kama anasoma somo kanisani: "Bibi anamsalimu jirani yake mpendwa, na anaomba kwa heshima afikirie namna nzuri ya kuwatunza mbuzi."

Nikamwambia, "Huyo si mimi. Huyo ni mke wa mchungaji."

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akamgeukia aliyeandika karatasi, binti wa Burundi anayeitwa Goreti. "Mbuzi wa nne yuko wapi?"

Goreti akainamisha kichwa. "Mwalimu, niliona vibaya. Mama mtu mzima kusema atachinja mbuzi wa watu. Nikamsitiri."

"Hukumsitiri. Umemnyima. Umeondoka na kauli yake, na mbuzi wanaendelea kula."

Basi huo ndio uliokuwa ugonjwa wao, na haukuwa wa kukosa maneno. Kamusi walikuwa nazo, nene kama matofali. Ugonjwa wao ni kwamba walilelewa vizuri. Ukiwawekea mdomoni hasira ya mtu mzima wanaiosha kwanza, wanaipaka mafuta, wanaivalisha shati, ndipo wanaipeleka. Goreti alikuwa hodari kuliko wote na ndiye aliyeosha kuliko wote. Ana shangazi yake Ulyankulu, mmoja wa wale waliobaki huko baada ya ukimbizi na sasa wanalima kama watu wengine. Kila akitoka kumsalimia aliniletea maharage, akayaweka chini kwa mikono miwili, akaniamkia mpaka nikachoka kusema marahaba. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje aseme "namchinja"?

Mwalimu alisema alizunguka chuo kizima akitafuta mtu anayesema jambo likabaki lilivyo, hakumpata, mpaka siku aliponisikia namfukuza muuza mkaa aliyeleta gunia lenye mawe. Sijui kama ilikuwa sifa. Nilikubali kwa sababu wanafunzi walinisaidia kubangua karanga.

Darasani alikuwa mkali. Mnyarwanda mmoja, mtu mzima mwenye kitambi, tayari wakili kwao, alimletea mkataba wa kurasa nne. Mwalimu akausoma amesimama, akachukua kalamu nyekundu, akabakiza mistari saba. Yule bwana akavimba.

"Mwalimu, nchini kwangu tunaandika hivi."

"Nchini kwako wanalala wakisoma. Nataka kujua nani afanye nini, lini, na asipofanya inakuwaje. Hayo mengine kapambie harusi."

Maswali hayo manne aliyaandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko langu, bila kuniuliza. Nilipomgombeza aliomba radhi siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni, lakini hakuyafuta. Mwishowe nikawa nawauliza wajukuu zangu maswali hayo hayo wanapovunja vyombo.

Nikisimulia hivyo mtu atadhani alikuwa mtu wa kusema wazi. Hapana. Hapo ndipo aliponichosha.

Alikuwa na baiskeli nzuri. Fundi seremala wa mtaani akaiazima kwenda kwenye kazi ya siku mbili, akakaa nayo miaka miwili. Nimemwona Mwalimu kwa macho yangu, anatembea kwa miguu kwenda chuoni ndani ya koti lake zito, jua la Oktoba linachoma mpaka mbwa wamejificha, fundi anampita juu ya baiskeli ile, anapiga kengele. Naye anampungia mkono. Nikamuuliza, "Mwalimu, ile si yako?" Akanijibu, "Anaitumia vizuri, Bibi. Ameifungia hata taa."

Siku nyingine niliingia chumbani kwake kutafuta kuku aliyepotea, nikakuta kitanda kimesukumwa mpaka dirishani na mahali pake pana ndoo. Bati langu lilikuwa linavuja. Lilikuwa linavuja tangu mvua za mwaka uliotangulia. Nikamwita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka kukusumbua, Bibi. Una mambo mengi."

"Kwa hiyo umenifanya mwenye nyumba mbaya, na sina habari. Ungeniambia ningetukana siku moja, fundi angepanda, yangekwisha."

Akasema samahani. Nilitaka aniambie bati linavuja, yeye akaniambia samahani. Mtu aliyekaa wiki nzima akiwafundisha watu wa nchi tatu kudai haki kwa mistari saba, anamhamishia mvua kitanda.

Nilimwuliza mara moja mbele ya wanafunzi wake: "Hayo maswali manne huyajui ukiwa nyumbani?" Wakatazama chini kwa aibu, maana hawajazoea mwalimu kuulizwa hivyo. Yeye akasema, "Yale ni ya kazi, Bibi. Huku tunaishi na watu." Alisema kama jambo linaloeleweka. Kusema kweli linaeleweka, na hilo ndilo baya.

Watu walimtania. Serikali ilipotangaza kwamba mahakama zetu zitumie Kiswahili, mtaa mzima ukamgeukia. "Mwalimu, sasa utawauzia nani?" Aliwaeleza kwa upole kwamba wanafunzi wake si wa mahakama za hapa. Hakuna aliyesikiliza. Mzee wa duka la kona, ambaye babu zake walitoka Omani na misafara wakabaki, ndiye aliyemkalia zaidi. Kila Mwalimu akienda kununua majani ya chai lazima aanze.

"Mwalimu, mji huu ulipokea watu wa kila lugha. Mmanyema, Mganda, Mwarabu, Msukuma. Waliuziana, waliozana, wakaelewana kwa Kiswahili hiki hiki. Nani alikwenda darasani?"

Mwalimu alitabasamu, akasema ni kweli mzee. Mimi nilikuwa hapo nanunua chumvi. Nikamwambia mwenye duka, "Aliyebeba pembe za ndovu za babu zako kichwani kutoka Ujiji, muulize kama na yeye alieleweka." Mzee akanipimia chumvi. Tukiwa njiani kurudi nikangoja Mwalimu aniunge mkono. Akaniambia tu kwamba mzee yule ana shinikizo la damu, tusimchokoze.

Nisiwe mchoyo, alikuwa na mazuri yake. Alikula nsansa, majani yetu ya kunde yaliyokaushwa, yakipikwa kwa karanga, sahani mbili, na alijifunza kuniamkia "mwangaluka" kama mtu wa Usoke, nyumbani kwetu. Mwanafunzi akiugua alikwenda kumwogesha. Kijana mmoja wa Kongo alipopata habari ya kifo cha mama yake, Mwalimu alikaa naye uani siku mbili bila kufundisha, na siku ya tatu akampa karatasi aandike, kwa Kiingereza, mistari saba, mama yake alikuwa nani na alifanya nini. Nilidhani ni ukatili. Kijana aliandika, akaisoma, akaomba abaki nayo.

Sasa niseme la mwaka jana.

Chuo kilipata mkuu mpya wa ofisi, mtu wa kwetu huku huku, kijana wa tai. Akasema lugha siku hizi inafundishwa na kompyuta, wanafunzi watavaa visikilizi, Mwalimu apumzike. Lakini darasa lilikuwa linasaidiwa na wafadhili wa nje, na hao walikuwa hawajakata shauri. Wakamtuma mama mmoja wa Ulaya aje asikilize kila upande, ndipo aseme libaki au lifungwe. Mama huyo hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Mwalimu akapewa nafasi ya kusema.

Angeweza kusema kwa Kiingereza, si ndiyo kazi yake? Lakini yeye mwenyewe akatoa wazo kwamba aseme kwa Kiswahili, na mwanafunzi mmoja asimame atafsiri, ili mgeni aone darasa linafanya nini. Mgeni akafurahi. Mwalimu akamchagua Goreti, kwa sababu kwa miezi mingi alikuwa haoshi tena. Jumamosi ya mwisho nililalamika juu ya mkwe wangu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Goreti aliyabeba yote bila kudondosha hata moja. Nilisema, "Huyu ni mimi," na Mwalimu akapiga makofi peke yake kama mtoto.

Siku ya kikao nilimkuta anapiga koti lake pasi. Nikamuuliza atasema nini.

"Nitasema, Bibi. Usiwe na wasiwasi."

"Utasema nini?"

"Nitaeleza hali."

"Mwambie bado una nguvu. Mwambie kompyuta haimjui mbuzi wa nne. Mwambie hutaki."

"Nimekusikia, Bibi," akasema, na akageuza koti upande wa pili.

Wanafunzi walinichukua niende nao. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikakaa safu ya tatu, nyuma ya watu wa ofisi. Ukumbi una feni na vigae, kila kiti kikisogea kinalia. Mkuu akasema yake kuhusu kompyuta. Kisha Mwalimu akasimama, Goreti pembeni yake.

Alimshukuru mkuu. Alimshukuru mgeni kwa safari. Alishukuru chuo kilichomlea. Nikasema moyoni, sawa, hiyo ni salamu, sasa anakuja. Akasema: "Mimi ni nani hata nipingane na wakubwa? Kama mmeona darasa lipumzike, basi mmeona mbali kuliko mimi. Umri nao umekwenda. Nawashukuru kwa miaka yote." Akaishia hapo.

Kila mtu wa hapa aliyekuwa ukumbini alimwelewa. Mtu wa kwetu akisema hivyo hajakubali. Anasimama mlangoni ana ndala mkononi, anangoja mtu mmoja ainuke aseme, hapana Mwalimu, wewe utakwenda wapi, kaa. Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyoomba asifukuzwe. Mkuu wa ofisi alimwelewa kabisa, maana ni kijana wa hapa, amelelewa hivyo hivyo. Akainamia karatasi zake, akawa anatafuta kitu kisichokuwepo.

Goreti akamtazama Mwalimu. Alimtazama muda mrefu, mpaka mgeni akainua uso. Mwalimu akamwitikia kwa kichwa, kwamba endelea. Goreti akageuka, akasema kwa Kiingereza, sauti ya wazi, haraka hata haikuzidi dakika moja.

Uso wa mgeni ukachanua. Akainuka, akaja kumshika Mwalimu mikono yote miwili, akatikisa, akapiga makofi na watu wa ofisi wakapiga. Nikajua limekwisha.

Nilimfuata Goreti nje, nikamshika mkono pale kwenye mabomba ya maji. Nilikuwa na hasira naye ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mbuzi.

"Umemwambia nini yule mama?"

"Alichosema Mwalimu. Kwamba hawezi kupinga uamuzi, kwamba anaona wameona mbali, kwamba ana umri, kwamba anashukuru."

"Ulijua anachotaka?"

"Nilijua, Bibi. Kwetu pia tunasema hivyo."

"Sasa kwa nini hukumsaidia? Neno moja tu."

"Hakulisema. Mwaka mzima ananifundisha nisimpe mtu maneno yasiyo yake. Ningemwongezea leo, mbele yake, angenisahihisha. Ninyi hamkumwona alivyonitazama. Alikuwa ananisahihishia mtihani."

Nikamwachia mkono. Kwa mtihani ule alistahili alama zote.

Na kuna jambo lingine ambalo ningeweza kuliruka, lakini nimekuwa nikiwagombeza watu maisha yangu yote kwa kuruka. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nilimwelewa. Mdomo ninao, na Goreti alikuwa amesimama pale tayari kuyabeba maneno yangu. Nilichohitaji ni kuinuka. Nikatazama vigae, nikatazama migongo ya watu wa tai, nikajiambia hiki si kikao changu, sikualikwa kusema, nitamwaibisha. Nikakaa na kitenge changu cha Pasaka.

Darasa lilifungwa muhula ulipokwisha. Wanafunzi walitawanyika. Goreti amepata kazi Arusha, anasikiliza watu kwa lugha moja na kuwasema kwa nyingine siku nzima. Mwalimu akaniambia anakwenda Kaliua kukaa kwa binti yake, ambaye ana biashara ya mpunga karibu na stesheni. Aliniambia siku nne kabla, kwa kuzunguka sana, akianza na hali ya hewa.

Asubuhi ya safari nilimkuta uani na mabegi mawili na furushi la vitabu. Bajaji ya kumpeleka stendi ilikuwa bado. Nikampa kiti, nikampa chai, nami nikakaa kwenye mkeka. Nikaona hawezi kuondoka hivi.

Nikamwambia, "Mwalimu, lalamika."

Akacheka kidogo. "Bibi, sina malalamiko. Tumeishi vizuri."

"Sijauliza tuliishi vipi. Wewe umenikalisha hapa miaka mingapi? Leo zamu yako. Lalamika."

Akashika kikombe kwa mikono miwili. Akasema mkuu ni kijana, ana mzigo mkubwa. Nikamwambia huyo si wewe. Akasema labda kompyuta zina faida yake. Nikamwambia huyo si wewe. Akaweka kikombe chini, akanitazama usoni, kitu ambacho hakukizoea akiwa anazungumza na mimi.

"Sikutaka lifungwe," akasema. "Nilikuwa na nguvu bado. Wote mle ndani mlijua sikutaka, mkanyamaza. Na wewe, Bibi, ulikuwepo."

Maneno hayo aliyasema bila samahani mbele wala nyuma. Yalinichoma, na sikuyakwepa. Nikamwambia ni kweli, nilikuwepo, nilijua, nilinyamaza.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuniambia kwamba si neno. Hakuniambia kwamba nina mambo mengi. Bajaji ikafika, ikapiga honi nje. Akachukua mabegi, mimi nikachukua furushi la vitabu, nalo zito, nikambebea mpaka barabarani.